Re: Nimehama Arua niko Bweyogerere, naweza kupiga kura huku?

Ndugu yangu, hapa Uganda unaweza kupiga kura ulikohamia, lakini usingoje siku ya kura. Umeuliza kama ndagamuntu (kitambulisho cha taifa) inatosha, jibu ni hapana, lazima jina lako liwe kwa rejista ya wapiga kura ya parishi (eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa) unayoishi sasa. Tume ya Uchaguzi ikifungua zoezi la kuapdeti nenda na ndagamuntu yako pale parishi uwaambie unataka kuhamisha kituo, kisha wakibandika majina nenda ukaangalie kwa macho yako, usitume mtu. Shangazi yangu mwaka 2021 alipanga laini tangu alfajiri, afisa akapitisha kidole kwa ile karatasi ya majina mara tatu, hayupo, kumbe bado yuko kwa kituo cha zamani, akarudi nyumbani analia. Iliniuma sana.

Kura ni saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, ukiwa tayari kwa laini saa kumi ikifika bado unapiga.

Sasa uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni mambo mengine, hapo hakuna karatasi za kura, mnapanga mstari nyuma ya mtu wenu kama 2018, kwa hiyo chairman wa kijiji akujue mapema na uandikwe kwa kitabu cha wakazi.