Ruzuku za sanaa: cheti, akaunti na simu ya mwenyekiti

Tangazo la ruzuku likitoka tu, maswali humiminika. Haya yametoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Vihiga. Majina ya vikundi nimeyaacha, maana baadhi yao bado wanasubiri majibu ya wafadhili.

Sisi ni kikundi cha maigizo, Nyalenda. Tuna cheti cha ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Tangazo linataka "shirika lisilo la kiserikali lililosajiliwa". Tuombe au tusijisumbue?

Cheti chenu kiko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Shirika la manufaa ya umma, jina ambalo sheria ya sasa inatumia kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, ni kitu kingine. Hilo husajiliwa chini ya sheria iliyopitishwa 2013, ikakaa kabatini miaka kumi na moja, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Halafu kuna kampuni za dhamana zisizo na hisa. Wafadhili wengine hupokea aina zote tatu, wengine moja tu, na mara nyingi aliyeandika tangazo hakufikiria tofauti hizi za Kenya. Kwa hiyo ulizeni. Barua pepe ya mistari mitatu, cheti kikiwa kimeambatishwa, inatosha. Jibu lake lihifadhini.

Wakisema hamfai, ipo njia ya mdhamini: shirika lililosajiliwa linapokea pesa kwa niaba yenu na kukata asilimia fulani ya usimamizi. Ni halali mradi mfadhili anajua. Ila mwandikiane kabla ya kuomba. Malipo yanatiwa sahihi na nani? Pesa zikiingia kwake, zinawafikia baada ya siku ngapi? Mradi ukiisha, spika na taa ni za nani? Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa sababu ya spika mbili.

Msisahau pia kwamba baadhi ya mifuko ina kituo njiani. Ule wa UNESCO wa uanuwai wa tamaduni, ambao kiwango chake cha juu ni dola 100,000, hupitisha maombi kwanza kwenye Tume ya Kitaifa ya UNESCO hapa nchini, na tume hiyo ina tarehe yake ya mwisho, inayotangulia ile ya makao makuu ya UNESCO, Paris.

Jambo la mwisho kwenu, na ndilo linaloangusha wengi: someni jina lenu. Cheti kina neno moja zaidi, akaunti ya benki ina jina la zamani, PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, imefupishwa. Kwa mkaguzi hivyo ni vikundi vitatu.

Pesa zetu huingia kwa M-Pesa ya mwenyekiti kwa sababu benki ina makato. Hatujawahi kukosana. Kuna ubaya? (Kaptembwa, Nakuru)

Upo, na hautokani na tabia ya mwenyekiti. Pesa iliyo kwenye laini yake kisheria inaonekana kuwa yake. Akifariki, Mungu apishe mbali, familia yake itaihesabu kwenye mirathi, nanyi mtakuwa wageni matangani mkidai pesa za mavazi ya ngoma. KRA nayo ikiuliza mapato yale yalitoka wapi, inamwuliza yeye.

Mfadhili makini hatumi ruzuku kwa mtu binafsi wakati mwombaji ni kikundi. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakihitajika kwa kila malipo. Benki itataka cheti, katiba, PIN, vitambulisho na kumbukumbu za mkutano uliowachagua watia sahihi. Kama mnapenda urahisi wa simu, ombeni Paybill au tili, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo, kwa jina la kikundi na iliyounganishwa na akaunti hiyo. Makato ya benki yaingizeni kwenye bajeti. Ni gharama ya kawaida, msione haya kuiandika.

Mkishafungua, gawanyeni kazi. Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na wote wawili wasiwe ndio wanaoandika daftari. Wacheza ngoma mkiwalipa, wekeni orodha yenye jina, namba ya kitambulisho, simu, kiasi, tarehe na sahihi, kisha taarifa ya M-Pesa ilingane nayo. Ile karatasi isemayo "wasanii, 60,000" peke yake ndiyo huwafanya watu wamrudishie mfadhili pesa kutoka mifukoni mwao.

Tunataka kurekodi isukuti na kuuza video. Mfadhili ameuliza haki ni za nani. Si ngoma yetu sisi Waisukha? (Kakamega)

Ni yenu, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu "ninyi" ni wengi kuliko kikundi. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo haimpi mtu yeyote umiliki. Inayohusika ni Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016: haki ni za jamii, na anayetaka kutumia ngoma kibiashara nje ya desturi anapaswa kupata idhini ya jamii mapema, baada ya kueleza wazi anachotaka kufanya.

Basi nendeni kwa wazee, na kwa familia zinazochonga na kupiga zile ngoma, kabla kamera haijatolewa. Elezeni video itauzwa wapi, mapato yatagawanywaje, na sehemu gani za msibani hazitarekodiwa. Andikeni, watie sahihi, nakala moja ibaki kwao. Haki za wapigaji na wachezaji wenyewe ni suala tofauti, lenye fomu yake. Na mkiambiwa mtie sahihi kwamba ninyi ndio "wamiliki pekee" wa isukuti, msitie. Pendekezeni maneno haya: kikundi kina idhini ya jamii kurekodi na kusambaza. Mfadhili anayefanya kazi ya urithi ataelewa.

Tumechaguliwa, lakini mkataba umechelewa. Tukianza mazoezi sasa, tutajilipa baadaye? (Kondele, Kisumu)

Hapana, isipokuwa mfadhili awape ruhusa ya maandishi. Gharama za kabla ya tarehe ya kuanza hukataliwa. Na yule mwenye duka anayejitolea "kurekebisha" tarehe ya risiti anawaingiza kwenye kughushi.

Ndugu wa mwenyekiti anakodisha mitambo ya sauti, na bei yake ni nzuri. Tumtumie? (Nakuru)

Mnaweza. Undugu si kosa, kuuficha ndilo kosa. Mwenyekiti autangaze kwenye mkutano, iandikwe kwenye kumbukumbu, kisha atoke nje wakati wa uamuzi. Chukueni bei za watu watatu kwa maandishi, wote wakiombwa mitambo ileile kwa siku zilezile. Ndugu akishinda kwa haki, mjulisheni mfadhili kabla ya kulipa, maana mikataba mingine hukataza kabisa. Bei tatu zenye mwandiko mmoja kila mkaguzi anazijua.

Hatupati faida. Kwa nini KRA watusumbue? (Mbale, Vihiga)

Kutopata faida hakufuti wajibu wa kuwasilisha ritani. Kama mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba, mwisho ni tarehe 30 Juni, hata kama hakuna kilichoingia. Msamaha wa kodi ya mapato haujitokezi wenyewe: unaombwa, na cheti chake kina muda wa miaka mitano. Nao haugusi kodi ya mishahara. Mkimwajiri mratibu, PAYE yake, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, inatakiwa kufika kabla ya tarehe 9 kupita mwezi unaofuata. Zipo pia asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na 1.5 ya tozo ya nyumba, ambayo mwajiri huongeza 1.5 yake. Wengi husahau sehemu ya mwajiri kwenye bajeti, kisha huichukua kwenye pesa za mavazi.

MCA wetu, mwakilishi wa wadi, anataka kuwa mgeni wa heshima kwenye tamasha na agawe fulana za chama. Tukimkatalia, atatufungia ukumbi wa kaunti. (Kisumu)

Mgeni wa heshima, sawa. Fulana, hapana. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma inakataza kuchangisha au kupiga kampeni kwa ajili ya chama au mgombea, na mikataba mingi ya ruzuku inayo masharti hayohayo hata kwa vikundi vidogo. Kadiri uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia, mtabanwa zaidi. Mwandikieni sasa, kwa adabu, mkitaja mkataba: mheshimiwa anakaribishwa, ratiba ni hii, atazungumza dakika tano, mavazi ya chama hayaruhusiwi na mfadhili. Mlaumuni mfadhili, yuko mbali na hana kura hapa. Ukumbi mwombeeni kibali cha maandishi mapema, tena kwa ofisi husika, si kupitia kwake.

Kuna mtu anasema atatupatia ruzuku tukimtumia elfu tano za "faili". (Kakamega)

Msitume. Mpelekeeni mfadhili namba yake.