Gauni la shilingi bilioni moja na milioni mia nane

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Najifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandaoni, jioni nikishafunga kazi. Nimetengeneza ukurasa ambao mteja anajaza mita za kitambaa, bei ya mita moja na pesa ya ufundi. Mita 3 kwa 6000 zinatoka 18000, sawasawa. Nikijumlisha ufundi wa 15000, napata 1800015000. Kuzidisha kunakubali, kujumlisha kunakataa. Kijana mmoja ananiambia niachane na hayo, nianze React, zana ya kujengea kurasa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, fundi. Usiachane na hayo hata kidogo. Hapo ulipokwama ndipo penye msingi wa lugha yenyewe.

Chochote mteja anachoandika kwenye kisanduku, JavaScript inakipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Alama ya * kazi yake ni kuzidisha tu, kwa hiyo "3" na "6000" zinageuzwa namba bila wewe kuulizwa. Alama ya + ina kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Upande mmoja ukiwa maandishi, inaunganisha. Ndiyo maana 18000 yako imegandana na "15000". Pesa ya ufundi igeuze iwe namba mara tu unapoipokea:

const ufundi = Number(kisanduku.value);

Nami yalinikuta, kwenye michango ya harusi ya mdogo wangu. Niliandika ukurasa wa kujumlisha michango, jumla ikianzia 0. Ukaingia wa 50000, ukafuata wa 20000, jumla ikasomeka 05000020000. Nilikesha nikikagua mzunguko wa for, yaani mistari inayorudia kazi moja kwa kila mchango, kumbe mzunguko ulikuwa mzima. Ile sifuri ya mbele ndiyo iliyokuwa shahidi: jumla ya pesa haianzi na sifuri, maandishi yanaweza. Tangu hapo, hesabu ikinitia shaka naongeza mstari wa console.log(typeof ufundi), nabonyeza F12 kwenye kivinjari cha kompyuta, nasoma jibu pale Console, sehemu kivinjari kinapoandika ujumbe wa programu. Ikisema string, ni maandishi. Ikisema number, ni namba.

Tena mteja wako ataandika 15,000 kwa mkato, kama sote tunavyoandika pesa. Number ikikuta mkato inarudisha NaN, yaani si namba, na kila hesabu itakayoigusa nayo inakuwa NaN. Ondoa mkato kwanza:

Number(kisanduku.value.replaceAll(",", ""))

Kisanduku kitupu nacho kinageuka 0, kwa hiyo hakikisha kwa sharti la if kwamba kimejazwa, usije ukamtajia mteja bei isiyo na ufundi ndani yake.

Kuhusu React: imeandikwa kwa JavaScript hiyo hiyo, na kosa la + litakufuata huko. Brendan Eich alitengeneza toleo la kwanza la lugha hii kwa siku 10, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari. Tabia hii ya kugeuza thamani kimyakimya haitaondolewa, maana kurasa nyingi za zamani zingeharibika. Ni ya kuizoea mapema.

Sasa chukua hesabu yako yote uiweke ndani ya function moja, yaani fungu la mistari lenye jina, uiite beiYaGauni: ipokee mita, bei na ufundi, irudishe jumla. Ikikubali, jaribu sare za kamati ya harusi, watu 12, kila mmoja na mita zake, kwa for. Ukikwama, niandikie na mistari yako yote.