Sendmail na folda nyingi za foleni

Je, Sendmail, programu ya seva ya barua pepe, inaweza kutumia folda zaidi ya moja kwa foleni yake, yaani barua zinazosubiri kutumwa? Inawezekana, tena tangu toleo la 8.10 la mwaka 2000. Kwenye sendmail.mc, faili la mipangilio yake, andika define(`QUEUE_DIR', `/var/spool/mqueue/q*'). Hiyo nyota ya mwisho ndiyo siri: kila folda inayoanza na q, yaani q1, q2, q3 na kuendelea, inakuwa foleni, na barua mpya hugawiwa humo kwa kubahatisha. Folda kama q1 inaweza hata kuwa kiungo (symlink) kinachoelekeza diski nyingine, na hapo ndipo faida kubwa ilipo. Folda moja yenye maelfu ya faili huchelewesha kila kitu, maana kufungua na kufuta faili ndani yake ni kwa zamu. Ukitengeneza folda ndogo qf (taarifa za kutuma), df (mwili wa barua) na xf (kumbukumbu za makosa ya kutuma) ndani ya q1, seva itaweka kila aina ya faili mahali pake.

Tafadhali sana, usiguse mpangilio wa folda wakati Sendmail inafanya kazi. Izime kwanza. Barua zilizokuwa moja kwa moja ndani ya mqueue hazitaonekana tena baada ya badiliko. Mimi huwa naibadilisha jina folda ya zamani kuwa omqueue, naunda mpya yenye ruhusa 0700 (mwenye folda pekee ndiye anayeingia), kisha namalizia zile za zamani kwa sendmail -oQ/var/spool/omqueue -q.

Kwa Postfix, seva nyingine ya barua pepe, ni tofauti: foleni ni moja kwa kila instansi (nakala ya Postfix inayojiendesha yenyewe), hivyo ukitaka mbili unaongeza instansi kwa amri ya postmulti, kuanzia toleo la 2.6.