Shashi Baada ya Upasuaji

Swali: Daktari, nina ujauzito wa wiki 36 na nimepangiwa upasuaji kwa sababu mtoto ametanguliza makalio. Hapa Umoja naambiwa mtoto asiyepita njia ya kawaida hukosa bakteria wa kinga, na kwamba nikimpaka usoni shashi iliyolowa majimaji ya ukeni nitakuwa nimemrudishia. Sina dalili za ugonjwa wowote. Je, nifanye?

Jibu: Usifanye, mama. Wazo lenyewe halikuzuliwa mtaani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya watoto 18 wa Puerto Rico, wanne kati yao wakiwa wamepakwa hivyo, na bakteria wao wakaonekana kukaribiana na wa waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Lakini mama zao walikuwa wamepimwa kwanza, na utafiti huo haukuonyesha kwamba watoto hao waliugua kidogo kuliko wenzao. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilishauri jambo hili lisifanywe nje ya utafiti.

Linalonichosha ni hilo neno "sina dalili", ambalo nalisikia karibu kila kliniki. Streptokoka wa kundi B hukaa ukeni bila kuwasha wala kunuka, na utafiti uliofanyika Kilifi uliwakuta kwa takriban asilimia 12 ya wajawazito. Kwa mtoto mchanga, bakteria hao hao waweza kuleta homa ya uti wa mgongo. Klamidia, kisonono na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri navyo hunyamaza. Kuna mama aliyewahi kuniletea shashi yake ndani ya chupa ya jemu, imefungwa kwa leso, akaniapia kwamba ni safi kwa kuwa aliichemsha kabla ya kuitumia, kana kwamba shaka yangu ilikuwa juu ya kitambaa.

Omba mtoto awekwe kifuani pako mara hali zenu zikiruhusu, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yako yana sukari ambazo yeye hazimeng'enyi. Hizo ni chakula cha bifidobakteria, yaani bakteria wenye manufaa, tumboni mwake. Maji ya glukosi asipewe.

Wauzaji wa matone ya "bakteria wa kinga" kwenye WhatsApp hawaulizi hata kama mtoto ni njiti, ilhali mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba bidhaa za aina hiyo zaweza kuwaua njiti. Na aliyekwisha kumpaka mtoto asimfiche daktari, kwa maana homa ya siku za kwanza hatutaisoma vivyo hivyo tukijua.