Daraja la meno linalovuta: skana ilinidanganyaje

Mama mmoja wa Tandika alikaa kwenye kiti changu, vipandikizi 4, yaani mizizi bandia ya titani iliyopandwa mfupani, vimeshapona kwenye taya lake la chini, na mimi nina daraja lake mkononi, safu ya meno bandia yaliyoungana ya kufungwa juu yake kwa skrubu, linang'aa, limetoka maabara asubuhi ileile. Nikakaza skrubu moja tu, ile ya mwisho kulia. Kushoto daraja likainuka. Mwanya wenyewe ulikuwa mdogo, lakini ncha ya kichokonoo iliingia. Nilipokaza na za kushoto likalala vizuri, ila mama akanishika mkono: "Dokta mwanangu, linavuta."

Nililitoa palepale. Jino la asili limeshikwa na nyuzi ndani ya mfupa, kwa hiyo likisukumwa hucheza kidogo. Kipandikizi cha titani kimegandana na mfupa wenyewe, hakina pa kuchezea. Daraja lisipokaa sawa, mvutano unaishia kwenye skrubu, nayo huweza kulegea au kukatika.

Kosa lilikuwa langu. Niliskani taya zima mara moja nikaiamini picha kwenye skrini. Skana ya kinywani hupiga picha nyingi ndogondogo na kuziunga. Ni kama fundi cherehani anayeunga vipande vya kitambaa: akipotoka uzi mmoja kila mshono, hadi afike pindoni nguo imeshakwenda upande. Kwa jino moja, au mawili yaliyopakana, skana inatosha na mgonjwa anaepuka kichefuchefu cha ule uji wa kuchukulia alama. Hapo siwezi kurudi nyuma. Taya lisilo na jino hata moja, kama la mama yule, ni habari nyingine. Fizi ni laini, imelowa mate, na sehemu moja inafanana na nyingine, hivyo kamera inakosa pa kujishikiza.

Kwa mama yule nilianza upya. Safari hii fundi wa maabara alitengeneza kwanza kiunzi chembamba cha plasta juu ya modeli, ile nakala ya taya lake, nikakifunga mdomoni. Plasta haipindi; kipimo kikikosea, inapasuka. Ya kwanza ilipasuka. Tukakata, tukaunganisha vipande humohumo mdomoni, fundi akarekebisha modeli. Daraja la pili nililikaza kwa skrubu moja, kichokonoo hakikupata pa kuingia.

Daktari mwenzangu, usianze kuskani kabla ya kupiga eksirei ya vile vijiti vinavyofungwa juu ya vipandikizi ili skana itambue vilipo. Kijiti kilichobana kipande cha fizi chini yake huonekana safi kabisa kwenye skrini, wakati hakijafika chini. Eksirei itakuonyesha mstari mweusi. Kausha mate, na kichwa cha skana kikitoka kwenye baridi ya kiyoyozi, kiache kipate joto kwanza, la sivyo kioo kitashika ukungu mara tu kiingiapo mdomoni.

Nawe unayewekewa daraja, mwombe daktari akaze skrubu moja mbele yako. Ukihisi linavuta, sema kabla hajafunga nyingine.