Muulize Fundi Saa: Mawese na Saa ya Babu

Toleo lililopita niliandika kwamba saa ya ufunguo ikisimama, usishike bisibisi, shika kiti, ukae uisikilize. Barua zilizokuja zinaonyesha wengi wameshika bisibisi kwanza, kisha wakakaa kuniandikia. Haya, tuendelee hivyo hivyo.

Shikamoo mzee. Marehemu babu yetu alituachia saa ya ukutani ya kutia ufunguo, yenye fimbo inayobembea. Kila baada ya mfungo wa Ramadhani alikuwa anaipaka mawese kidogo kwa unyoya wa kuku. Sasa inatembea dakika kumi tu, inasimama. Nimeongeza mawese, wapi! Kaka yangu anasema mafuta hayawezi kuwa tatizo, mbona injini za meli ya Liemba Wajerumani walizipaka grisi na zikapona ziwani? Nani mkweli kati yetu?
*Mjukuu, Ujiji*

Marahaba mjukuu. Kaka yako historia anaijua, ila saa haijui. Ni kweli kwamba mwaka 1916, walipoizamisha ile meli ambayo wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, wahandisi walizipaka injini zake grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa salama, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Lakini grisi ile iliwekwa ili injini ilale bila kuliwa na kutu. Hakuna aliyeitegemea izungushe kitu huko chini ya maji, na kabla ya kuwashwa tena ilibidi isafishwe. Saa yako haijalala. Inatakiwa itembee usiku na mchana kwa nguvu ya utepe mmoja wa chuma uliokunjwa, ile kamani, na nguvu ikishapita gurudumu hadi gurudumu, inayofika kwenye fimbo inayobembea ni ndogo kama pumzi ya mtoto. Utandu mwembamba tu wa mafuta yaliyoganda unatosha kuimaliza.

Mawese nayaheshimu, nimekulia juu yake. Lakini kwenye saa yana mambo mawili. Yanaganda, hilo unalijua kila ukifungua chupa asubuhi ya baridi. Pili yana asidi, na asidi hiyo inakula shaba. Mwaka jana niliifungua saa ya jirani yangu wa Gungu iliyolishwa mawese kwa miaka mingi. Kwenye kila tundu ambamo ncha ya mhimili inazunguka palikuwa na pete ya ute wa kijani, rangi ya kisamvu kilichokaa siku tatu. Niliuchokoa kwa njiti ya kibiriti iliyochongwa, ukatoka kama nta, na ndani yake mlikuwa na vumbi la shaba linalometa. Lile vumbi ndiyo saa yenyewe. Ilikuwa inajisaga.

Kwa hiyo acha kuongeza chochote. Hata mafuta ya cherehani, najua unayafikiria. Hata ya taa: ukiichovya mashine nzima bila kuifungua, uchafu unalainika na kubaki humo humo kwenye matundu, saa inatembea wiki mbili unanishukuru, ya tatu unanilaani. Mashine inatakiwa ifunguliwe, kila kipande kioshwe peke yake, ikaushwe, irudishwe, kisha kila tundu lipate tone moja la mafuta ya saa, dogo kama kichwa cha pini. Meno ya magurudumu hayapakwi kitu. Yawe makavu. Fundi akipaka meno mafuta mbele yako, chukua saa yako, aga vizuri, ondoka.

Na kazi hiyo usiifanye wewe. Kamani ikiwa imejazwa na ukalegeza skrubu za bamba, itafyatuka. Mimi nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilisahau kuiachia kwanza, ikanichana kidole gumba cha kushoto hadi mfupa, na gurudumu moja tukalikuta nje ya kibanda, barabarani. Kovu ninalo, na gurudumu lile lilipoteza meno manne. Mwenye saa hakunidai, ila hakurudi tena.

Lipo moja la kujaribu kabla hujatoa hela. Ifunge saa ukutani, isukume fimbo, kisha fumba macho. Ikisema tik, tak, tik, tak kwa nafasi sawa, vizuri. Ikisema tik-tak… tik-tak… kama mtu anayechechemea, basi imekaa vibaya, na saa inayochechemea husimama hata kama ni safi. Sogeza sehemu ya chini ya sanduku kidogo kushoto au kulia hadi mlio ulingane, kisha weka alama ya penseli ukutani. Usitumie pima maji. Ukuta unaweza kuwa umenyooka na sanduku limenyooka, saa ikachechemea bado, kwa sababu waya unaosukuma fimbo umepinda kwa ndani. Sikio ndilo litakalokwambia. Nadhani ya babu yako ina yote mawili, mawese na kuchechemea, maana mlipohamisha vitu vyake baada ya arobaini sidhani kama kuna aliyekumbuka ilivyokuwa imekaa.

Mzee, mwanangu ameniletea saa ya ukutani kutoka Ujerumani. Huko anasema ilikuwa haikosei hata dakika kwa wiki. Hapa Tabora inachelewa dakika mbili na zaidi kila siku. Fundi ameifungua mara mbili, amesema ni nzima, na mara zote mbili amenidai. Je, imeharibika kwenye ndege?
*Mama wa Isevya, Tabora*

Mama, fundi wako amesema kweli, ingawa sijui mara ya pili alidai ya nini. Saa haina ugonjwa. Imehama tu.

Kisa hiki ni cha zamani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, kupima nyota. Alikuta saa yake ya fimbo inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris, ikabidi afupishe fimbo. Baadaye Newton alilitumia jambo hilo kuonyesha kwamba Dunia si mpira kamili, imefutuka kiunoni. Sisi huku tuko kwenye kiuno hicho, nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, mbali zaidi na kitovu cha Dunia, na mzunguko wake nao unatupunguzia uzito kidogo. Mvutano unaoirudisha fimbo chini ni dhaifu kuliko wa Ujerumani, kwa hiyo inabembea polepole. Na Tabora yenyewe iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, hapo ongeza sekunde kama kumi na tano. Ukipiga hesabu yote unafika dakika mbili na nusu, kama Richer.

Dawa ni ya bure. Chini ya kile kitufe kizito kinachobembea mwishoni mwa fimbo kuna nati ndogo. Simamisha fimbo, ishike isijizungushe, kisha zungusha nati ili kitufe kipande juu. Fimbo ikifupika, saa inakwenda mbio. Kwa saa ndefu ya kusimama sakafuni, yenye fimbo ya karibu mita moja, milimita moja ni kama sekunde 43 kwa siku. Kwa ya ukutani yenye fimbo ya sentimita 25 hivi, milimita moja ile ile ni karibu dakika tatu, kwa hiyo wewe unahitaji chini ya milimita. Zungusha nusu mzunguko, subiri siku nzima, linganisha na simu, ndipo uzungushe tena. Watu wengi hugusa asubuhi, mchana na jioni, kisha hawajui wako wapi. Na usitegemee ukamilifu. Kiangazi chuma kinarefuka kwa joto, nyuzi kumi zaidi ni kama sekunde tano kwa siku. Zipotezee.

Sanduku la saa yangu limekuwa jeusi tii. Seremala anataka kulipiga msasa na vanishi mpya, ing'ae kama ya dukani.
*Msomaji, Nzega*

Asiliguse. Maseremala watanisamehe, lakini msasa ukishapita huwezi kuirudisha ile ngozi ya mbao iliyochukua miaka mingi kukomaa, na anayenunua saa za zamani hukimbia akiona vanishi mbichi. Weusi huo mara nyingi ni moshi wa jikoni na mikono ya watu. Kitambaa kilichokamuliwa sana, sabuni kidogo, eneo dogo kwa wakati, kausha papo hapo.

Halafu uko mkoa wa asali, unatafuta vanishi ya nini? Nunua nta safi ya nyuki. Ikwangue kama unavyokwangua muhogo, weka kwenye kopo, mimina tapentaini kiasi cha mara tatu yake, funika, iache usiku kucha. Usipeleke jikoni, tapentaini inashika moto. Asubuhi utakuta kitu kama siagi. Paka kidogo sana, subiri nusu saa, sugua kwa kitambaa cha pamba hadi mkono uchoke. Ukiona vitundu vidogo vya wadudu, lilaze sanduku juu ya karatasi nyeusi wiki mbili. Unga mpya ukidondoka, wadudu wamo, nenda kwa mtu wa dawa ya wadudu kabla hawajahamia kabatini. Usipodondoka, pengine walishaondoka.

Nimenunua saa ya kengele ya mezani ya zamani sana. Namba zake zilikuwa zinawaka gizani, sasa haziwaki. Nataka kuzikwangua nipake rangi upya.
*Kijana wa Katubuka, Kigoma*

Weka kisu chini. Rangi ya kuwaka ya saa nyingi za zamani, hadi miaka ya 1960, ilitiwa radiamu, ambayo ni sumu ya mionzi. Kilichochoka ni ule unga unaong'aa. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 kupungua hadi nusu. Ikiwa imefungwa nyuma ya kioo, ndani ya boksi lake, kabatini, haina vurugu kubwa. Hatari ni ule unga ukikwanguliwa, ukauvuta puani au ukaula kwa vidole. Usiifungue, usiipeleke chumba cha watoto, na fundi atakayeishika mwambie kabla.

Je, naweza kutoa mashine ya saa ya zamani na kuweka ya betri?
*Msomaji, Kibondo*

Ni mali yako. Ila mashine usiitupe. Ifunge kwenye gazeti uiweke ndani ya sanduku hilo hilo, mjukuu wako atakutafutia dua.

Mzee, saa yetu mishale ikiwa kwenye tatu inagonga tano, ikiwa kwenye nne inagonga sita. Mbona inatembea vizuri?
*Mwalimu, Kasulu*

Mwalimu, saa za aina yako hazijui mishale ilipo. Nyuma kuna gurudumu lenye mapengo ukingoni, yasiyolingana nafasi, na kengele inahesabu kwa kufuata hayo mapengo: moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili, jumla mara 78 kisha inaanza upya. Mtu akirudisha mishale nyuma, au kengele ikikosa nguvu mara moja, hesabu hizo mbili zinaachana na hazikutani zenyewe. Ingiza kidole chini ya mashine, tafuta ule waya mwembamba unaonyanyuka saa inapotaka kugonga, unyanyue kidogo. Itagonga. Rudia hadi igonge namba iliyo kwenye mshale. Kuanzia leo mishale usiirudishe nyuma.

Au fanya kama marehemu baba. Saa yetu ya Ujiji aliifunga kwa saa za Kiswahili, mchana mshale kwenye sita, kengele mara sita. Mgeni wa kwanza kulala kwetu aliamka usiku wa manane akasikia sita, akaoga, akavaa, akakaa barazani na sanduku lake akisubiri kupambazuke awahi treni. Mama alimkuta hapo alfajiri, akamwekea chai. Saa ninayo mimi sasa, na mishale iko vile vile.