Diski Iliyofutwa Bila Kufutika

Mwaka 2019 mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tukuyu aliniletea kompyuta yake ya mezani kwenye kibanda changu cha ufundi, Mwanjelwa, akaniomba nimpigie Windows upya kwa sababu ilikuwa ikichukua karibu robo saa kuwaka. Ndani yake mlikuwa na diski mbili za kuzunguka, zote za GB 500 na zote za kampuni moja. Ya kwanza ilibeba Windows. Ya pili ilibeba rekodi za kwaya ya kanisani kwao, picha za wajukuu na hesabu za chama cha wakulima wa chai alichokuwa akikitunzia vitabu.

"Kijana wangu, ile ya kwaya usiiguse," aliniambia kabla hajaenda sokoni.

"Sawa, mwalimu, nimekuelewa."

Nilikuwa nimemwelewa kweli. Nisichokuwa nimekielewa ni jinsi kompyuta inavyozipa diski zake namba. Niliiwasha kwa flashi ya kusakinishia, nikafungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri za kuandika, nikaandika list disk, nikaona Disk 0 na Disk 1 zenye ukubwa uleule. Nilichukulia kwamba 0 ndiyo ya Windows, kama ilivyo kwenye mashine nyingi, nikaichagua na kuandika clean, yaani safisha. Amri hiyo haikuulizi kama una hakika. Nilipofika mahali pa kuchagua diski ya kusakinishia, niliikuta Windows ya zamani imetulia kwenye Disk 1, na Disk 0 ikiwa tupu kabisa.

Nilizima kompyuta papo hapo bila kuandika kitu kingine chochote, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililolifanya siku ile. Kisha niliichomoa ile diski, nikaiunganisha kwenye kompyuta nyingine na kuipitisha kwenye TestDisk, programu ya bure inayotafuta patisheni zilizopotea, yaani zile sehemu ambazo diski hugawanywa. Patisheni ilionekana baada ya muda mfupi. Nikairudisha, na kwaya yote ikarudi pamoja na hesabu za chai. Mwalimu aliporudi nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, akasema nimemtisha, akalipa nusu ya bei tuliyokubaliana, nami sikuwa na mdomo wa kudai iliyobaki.

Hata hivyo, kilichoninyima usingizi usiku ule si kosa lenyewe bali urahisi wa kulirekebisha. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimenunua kompyuta zilizotumika, nikazifuta kwa amri ileile na kuziuza nikiamini kwamba ni safi. Kumbe clean huondoa jedwali la patisheni tu, ile orodha inayoonyesha kila sehemu ya diski inaanzia wapi, sawa na kung'oa kibao cha Kyela pale njia panda ya Uyole: mgeni atapotea, lakini barabara ipo palepale, na mwenye nia ataipata. Kufomati kwa haraka nako kunaacha mafaili mengi mahali pake, hadi yaandikiwe vitu vingine juu.

Tangu hapo kila mteja namuuliza swali moja kwanza: kompyuta hii inabaki kwako, au inakwenda kwa mtu mwingine? Ikibaki kwako, inatosha kufuta patisheni zote za diski ya mfumo wakati wa kusakinisha, ukishahifadhi mafaili yako pengine na kuyafungua mawili matatu huko uhakikishe kwamba yanasomeka. Swali hili limekuwa la kila wiki tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa wengi wanahamia toleo jipya na wengine wanauza mashine zisizokidhi masharti yake.

Ikiwa inauzwa, diski ya kuzunguka iandikiwe sifuri kila mahali kwa amri ya clean all. Kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, GB 500 huchukua takribani saa moja na nusu, kwa hiyo usimwahidi mteja kuondoka na basi la jioni. Wapo wanaosisitiza kurudia mara 35. Hesabu hiyo ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 iliyozungumzia diski za enzi hizo, na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliorekebishwa mwaka 2014 uliona kwamba kwa diski za kuzunguka za kisasa mara moja kwa kawaida inatosha. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya tu.

SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni habari nyingine. Kidhibiti chake huhamishahamisha data kati ya seli ili zisichakae kwa upande mmoja, hivyo kuandika sifuri juu ya data hakufikii kila seli. Tumia amri ya ufutaji salama iliyomo kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, au kwenye programu ya mtengenezaji wa diski hiyo, na hapa umeme una maana: ufutaji wa namna hii ukikatizwa, diski inaweza kubaki imefungwa kwa nywila. Mimi siuanzi bila UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika, au betri iliyojaa. Kwa ofisi, shule na vikundi vya kukopeshana nasisitiza zaidi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wazitunze kwa usalama taarifa za watu walizonazo.

Na kuhusu kuchagua diski, namba siziamini tena, kwa sababu zinaweza kubadilika ukiwasha kwa flashi. Baada ya select disk naandika detail disk, ambayo inaonyesha modeli ya diski na majina ya patisheni zake. Diski isiyohusika naichomoa waya kabisa, hata kama kufungua boksi kunanichelewesha. Kazi ikiisha, naipitisha TestDisk ileile juu ya diski niliyoifuta. Isipokuta kitu, naandika tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi na kukibandika juu yake.